Kilichoua Kilikuwa Alkoholi

Watu wa Muhumba, hapa Bukavu, walionunua kwangu dawa ya mubirizi mwaka 2020 na 2021 walinunua kitu ambacho sikuwa nimekipima ipasavyo. Niliwaambia nimekipima. Tena niliwaonyesha picha. Baadaye, nilipogundua kwamba picha ile haikuthibitisha chochote, bado nilikuwa na chupa nyumbani, nikaziuza. Makosa ni mawili basi, na la pili ni baya kuliko la kwanza: la kwanza nililifanya kwa ujinga na haraka, la pili nililifanya nikijua.

Kazi yangu ni ya maabara. Napokea mkojo, damu, usaha na choo. Naangalia kwenye darubini, naotesha kinachopaswa kuoteshwa, naandika karatasi, daktari anaisoma. Mimi si daktari. Lakini Bukavu kila mwenye koti jeupe anaitwa munganga, na mimi jina hilo sikulikataa. Mama akinisimamisha njiani na kuniuliza, "Munganga, mtoto anaharisha, nimupe nini?" nilimjibu. Ningeweza kumwambia, "Mama, mimi ni mtu wa maabara tu." Jina lilinipendeza, na ndilo lililokuja kuuza chupa zangu.

Mtu ambaye hajawahi kuotesha vijidudu anausikia usugu wa bakteria dhidi ya dawa redioni tu. Mimi niliuona. Unachukua kisahani chenye agari, unapaka bakteria waliotoka kwenye mkojo wa mgonjwa, juu yake unapanga vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kimetiwa dawa yake: ampisilini, kotrimoksazoli ambayo wengi wanaiita Bactrim, siprofloksasini au sipro, na nyingine. Unaacha usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35 hivi, ukiomba umeme wa SNEL usikatike. Asubuhi, pale dawa ilipofanya kazi unakuta duara tupu kuzunguka karatasi. Pale iliposhindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi yenyewe, hawana habari. Visahani vya namna hiyo ya pili nilikuwa nimeanza kuvizoea. Wala si macho yangu peke yangu. Mwaka 2014 Léonid Irenge na wenzake walichapisha matokeo ya mikojo ya wagonjwa wa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, hapa hapa Bukavu. Kijidudu kilichotawala kilikuwa Escherichia coli, na dawa ambazo kila farmasi ya mtaa inaziuza, ampisilini na kotrimoksazoli zikiwa mbele, zilikuwa zimeshindwa kwa sehemu kubwa. Duniani kote, kwa mwaka 2019 peke yake, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa kuwa milioni 1.27, na Afrika kusini mwa Sahara ndiko kiwango kilikuwa juu kuliko kwingine.

Kwa nini hapa kwetu? Mimi naanza na tifoide. Bukavu, homa yoyote ambayo si malaria ni tifoide. Mtu anapimwa Widal, kipimo kinachotafuta antibodi kwenye damu wala si kijidudu chenyewe, na ambacho kinaweza kusema "chanya" kwa mtu aliyeugua zamani au aliyeshikwa na ugonjwa mwingine kabisa. Karatasi ikisema chanya, mtu anakwenda kununua sipro. Akiwa na faranga chache ananunua vidonge vinne. Homa ikishuka anameza viwili, viwili anaviweka kwa ajili ya mtoto. Mwenye farmasi hamuulizi ordonansi ya daktari, kwa kuwa akimuuliza, mteja atavuka barabara aende kwa mwingine. Nimeandika Widal chanya nyingi nikijua hazina maana. Hilo nalo ni ungamo, ingawa hapo nadhani wenzangu wa kazi wengi wangepiga magoti pamoja nami.

Basi ikaja korona. Azitromisini iliingizwa kwenye matibabu, watu wakaimeza hata kwa mafua ya kawaida. Aprili 2020 rais wa Madagascar, Andry Rajoelina, akajitokeza mbele ya kamera na chupa ya Covid-Organics, kinywaji cha artemisia. Kinshasa, mtafiti Batangu Mpesa alikuwa na dawa yake ya mimea, Manacovid. Simu zetu zilijaa majani na mizizi. Swali lilikuwa moja kila mahali: Congo yenye misitu yote hii, kwa nini inasubiri dawa kutoka ng'ambo? Swali halikuwa la kijinga hata kidogo, na bado si la kijinga. Jibu langu ndilo lililokuwa la kijinga.

Nilichagua mubirizi kwa sababu uko kila mahali. Ni kichaka cha uani, kichungu mno. Wataalamu wa mimea wanakiita Vernonia amygdalina, na katika eneo lote la Bushi, linalozunguka Bukavu, wazee wanakitumia kwa homa, tumbo na minyoo. Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichorithi kazi ya IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji, Chifundera Kusamba aliwahi kuandika orodha ya mimea ya dawa ya Bushi na kuichapisha mwaka 2001. Orodha ya namna hiyo inakueleza watu wanatumia nini na kwa ugonjwa gani. Mimi niliichukua kuwa cheti cha kuponya.

Halafu kulikuwa na habari ya Chausiku, ambayo niliisimulia kwa kila mteja. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua miti ya dawa, walimfuata sokwe jike aliyepewa jina hilo. Alikuwa mgonjwa, amelegea, hachezi na mtoto wake. Akachukua tawi changa la mmea huu huu, akamenya ganda, akatafuna kiini na kunyonya maji yake machungu, kitu ambacho sokwe mzima kwa kawaida hakigusi. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Habari ni ya kweli, ilichapishwa mwaka 1989, na wateja waliipenda. Nilichokuwa nakiruka ni kwamba utafiti uliofuata kuhusu sokwe wa Mahale ulielekea kwenye minyoo ya utumbo. Hakuna mahali sokwe yeyote alipotibu mkojo unaowaka. Katika habari hiyo sikudanganya kwa lolote nililolisema. Nilidanganya kwa niliyoyanyamazia, na mteja hawezi kukushika kwa hayo.

Sasa jaribio lenyewe. Nililifanya kazini, baada ya saa za kazi, bila ruhusa. Nilikausha majani kivulini, nikayasaga, nikayaloweka kwenye ethanoli ya maabara, nikachuja. Nikachovya vidonge vya karatasi katika maji yale ya kijani na kuviweka juu ya kisahani vikiwa bado vimelowa. Asubuhi nikakuta maduara. Si makubwa, lakini yapo, safi, karibu sawa na lile la antibiotiki niliyoiweka pembeni. Nilipiga picha kwa simu, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maneno haya: "Mubirizi wetu unaua vijidudu sugu. Nimepima mimi mwenyewe."

Angalia sentensi hiyo ina uongo mara ngapi. Bakteria wa kwenye picha hawakuwa sugu: walikuwa E. coli wa kujaribia vifaa, aina inayotunzwa maabara nyingi duniani kwa sababu tabia yake inajulikana na karibu kila dawa inamzuia. Sikuweka kisahani cha pili chenye karatasi iliyochovywa kwenye ethanoli tupu, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa. Na nilichokuja kuuza hakikuwa hata kile nilichokipima, kwa kuwa singeweza kuwanywesha watu alkoholi ya maabara. Nyumbani nilichemsha majani kwa maji, nikatia asali, nikamimina kwenye chupa za kahawia. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Kipimo hicho nilikitoa wapi? Kichwani mwangu.

Muhumba ni rasi ndani ya Ziwa Kivu, na kuna Muhumba mbili. Iko ile ya nyumba za zamani za Wabelgiji, magari ya mashirika na jenereta. Iko ile ya walinzi, wapishi na wafuaji, na wajane wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Wanunuzi wangu wengi walikuwa wa Muhumba ya pili. Wa ile ya kwanza walinunua chupa kwangu kwa udadisi tu, na wakiugua wana njia ya kwenda Kigali au Nairobi.

Watu walirudi wakisema imewasaidia. Niliwaamini wote. Sikuwauliza kama walikuwa wamemeza na sipro, na wengi walikuwa wamemeza. Sikufikiri kwamba infeksio ya kibofu mara nyingine hupoa yenyewe mtu akinywa maji ya kutosha, wala kwamba asiyepona harudi kukushukuru.

Aliyenifumbua macho ni msichana aliyekuja kwetu kufanya staji. Nilimwonyesha picha kwa majivuno. Akaitazama, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Papa, na kisahani cha alkoholi tupu mulikiweka wapi?" Nikacheka. Nikamwambia alkoholi inakauka. Alinyamaza, kama vijana wetu wanavyofundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa, na huko ni kufundishwa vibaya.

Jioni hiyo nilirudia. Karatasi moja nikaitia ethanoli tupu, ikiwa mbichi. Nyingine nikaitia dondoo la mubirizi na kuiacha ikauke kabisa. Ya tatu nikaitia maji yangu ya kuchemsha, yale ya chupa. Nikatumia E. coli, na pembeni Staphylococcus aureus. Asubuhi ethanoli tupu ilikuwa na duara lake, sawasawa na lile la kwenye picha. Dondoo lililokauka lilikuwa na ukingo mwembamba kwa staphylococcus, wa kutafuta kwa rula, kwa E. coli hakuna. Dawa ya chupa, hakuna kwa yeyote kati yao. Kilichoua kwenye picha yangu kilikuwa alkoholi.

Hapo ndipo ningepaswa kuandika kwenye kundi lile lile la WhatsApp. Chupa na asali nilikuwa nimezinunua kwa pesa ya kukopa kwa shemeji yangu, na chupa zilizojaa zilikuwa bado zimepangwa chini ya kitanda. Nilijiambia: ni majani tu, hayana madhara, acha ziishe. Nikaendelea kuuza.

Mmoja wa walionunua baada ya hapo alikuwa mama muuza sambaza. Mkojo ulikuwa unamuwaka, anakwenda chooni kila mara. Aliniambia, "Munganga, nimeishanunua sipro mara mbili, haitoki. Hii yako itaweza?" Nikamwambia itaweza. Sitaki kulipamba jibu hilo kwa maelezo yoyote. Nilijua, nikamwambia itaweza, nikapokea pesa.

Alikunywa chupa nzima, akanunua nyingine. Kisha homa ikapanda, akawa anatetemeka, ubavu unamuuma hadi hawezi kujinyoosha. Kijidudu kilikuwa kimepanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo. Watoto wake walimbeba hospitali, na mkojo wake ukaoteshwa pale nilipokuwa nafanya kazi. Kisahani nilikisoma mimi. E. coli. Ampisilini, ameota hadi ukingoni. Kotrimoksazoli, vivyo hivyo. Siprofloksasini, vivyo hivyo. Nitrofurantoini, duara kubwa. Amikasini, duara kubwa.

Nitrofurantoini ni dawa ya zamani, ya kumeza, ya bei ya chini. Inajikusanya kwenye mkojo, kwa hiyo inatibu kibofu vizuri. Lakini haifiki ya kutosha kwenye nyama ya figo wala kwenye damu. Yaani siku mama huyu alipokuja kuniuliza, vidonge vya pesa kidogo vingeweza kummalizia ugonjwa. Majuma aliyoyapoteza na chupa zangu yaliufunga mlango huo. Sasa ilibidi sindano za amikasini, kitanda, na vipimo vya figo, maana amikasini yenyewe inaweza kuziumiza figo. Alipona. Mtaji wake wa sambaza uliisha. Nililipa sehemu ya bili, akanishukuru mbele ya watoto wake, na mimi nikapokea shukrani hiyo nikiwa nimeinamisha kichwa, bila kusema neno. Ilinichukua muda mrefu kwenda kwake kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama mama yangu mzazi ningempa chupa ile baada ya kujua. Nikamwambia hapana. Akaniambia niende nyumbani.

Tangu hapo nimesoma mambo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla ya kuchuma jani la kwanza. Siprofloksasini inamzuia E. coli asiye sugu kwa kiasi cha chini ya maikrogramu 1 katika mililita. Dondoo la mmea, hata lile ambalo watafiti wanalisifu, mara nyingi linahitaji miligramu nzima au zaidi katika mililita hiyo hiyo: mara elfu na kupita. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Tuseme dondoo linahitaji miligramu 5 kwa kila mililita. Basi lazima gramu 25 za dondoo kavu ziwe ndani ya mishipa yake kwa wakati mmoja, kabla ini halijaziharibu wala figo hazijazitoa. Hakuna anayekunywa hivyo akabaki salama. Tena E. coli na ndugu zake wana utando wa nje wa ziada, na ndani wana pampu zinazotupa nje sumu nyingi zinazopenya, kama mvuvi anayekumba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Ndiyo maana majani mengi yanayomtisha staphylococcus kwenye kisahani hayamfanyi kitu kijidudu cha mkojo.

Lakini sitaki mtu asome haya akafikiri nawacheka wazee wa mubirizi. Antibiotiki nyingi tunazotumia zilitoka kwenye asili: streptomisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman, ilitoka kwa bakteria wa udongo. Jirani zetu wa Butare, Luc Van Puyvelde na wenzake, katika miaka ya 1980 walichukua mmea wa umuravumba ambao waganga wa Rwanda wanautumia, wakatenga ndani yake kemikali moja inayozuia vijidudu, wakachora umbo lake. Mwaka 2000 Frank Stermitz na wenzake walionyesha kwamba mimea ya jamii ya Berberis inatengeneza berberini, kemikali inayozuia bakteria, na pamoja nayo kitu cha pili kinachoziba pampu ya staphylococcus ili berberini isitupwe nje. Ukiitenga berberini peke yake unaiona dhaifu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mzee anayechanganya majani mawili anajua jambo ambalo kisahani changu hakijui. Kinachotakiwa ni kulipima kwa uaminifu, na lisiuzwe kabla halijapimwa.

Na Bukavu hatuhitaji kufundishwa hili na wageni. Kwa miaka mingi Pharmakina, kiwanda cha mji huu, kimetoa kwinini kwenye magome ya mikwinini inayolimwa Kivu. Ni gome la mti, chungu kama mubirizi. Tofauti ni kwamba tangu Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini mwaka 1820, unaweza kuipima kwa mizani: kidonge hiki kina miligramu ngapi, mtoto wa kilo hizi apewe ngapi. Kabla ya hapo, gome la mti mmoja liliponya na la mti mwingine halikuponya, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ile artemisia ya mwaka 2020 ilinifundisha upande wa pili. Shirika la Afya Duniani linapinga kutibu malaria kwa chai yake, kwa sababu artemisinini iliyomo ni kidogo na haitabiriki, na vimelea vinavyonusurika ndivyo vinavyozaa vizazi sugu. Ni kosa lile lile la vidonge vinne vya sipro. Kijidudu hakiulizi kama dozi pungufu imetoka farmasi au imetoka shambani kwa mama. Mimi niliyekuwa nalalamika juu ya wauza vidonge vya kuhesabu nilikuwa mmoja wao. Bidhaa yangu tu ilikuwa ya kijani.

Yeyote aliyenunua chupa kwangu na bado anayo, aimwage. Picha ile, kama iko kwenye simu yako, ifute, na kama ulimtumia mtu mwingine, mtumie na maandishi haya. Mwenye mkojo unaowaka asinunue sipro ya kubahatisha: apeleke mkojo uoteshwe kabla hajameza antibiotiki yoyote, kwa maana ukimeza kwanza, kijidudu kinaweza kisionekane kwenye kisahani. Mjamzito, au mwenye homa na maumivu ya ubavu, asingoje majibu. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa wote walionunua kwangu, gharama ya kuotesha mkojo ni juu yangu. Nyumba yangu mnaijua.